Paka kutembea kwa kamba: mafunzo yanayohitaji subira

Mwezi Mei mwaka 2022 wakaazi wa sehemu ya kusini ya mji wa Walldorf, kusini magharibi mwa Ujerumani, waliamriwa kuwafungia paka wao ndani hadi mwisho wa mwezi Agosti.

Amri hiyo ya mamlaka ya wilaya ililenga kumnusuru ndege mdogo mwenye kishungi, ambaye hujenga kiota chake ardhini na ambaye idadi yake ilikuwa imepungua mno katika eneo hilo. Faini ya kumwachia paka nje ilikuwa euro 500, na iwapo paka angemwua ndege huyo, ingeweza kufikia euro 50,000.

Hata hivyo amri hiyo iliacha mwanya: paka aliyefungwa kamba isiyozidi mita 10 aliruhusiwa kutoka. Hapo ndipo wengi walipojiuliza iwapo paka anafundishika kutembea kwa kamba.

Jibu ni kwamba wengi wao hufundishika, lakini kwa masharti ya paka mwenyewe.

Paka si mbwa

Mbwa ni mnyama wa kundi na humfuata kiongozi. Paka huwinda peke yake, na usalama wake hutegemea kulijua vyema eneo lake na kuweza kukimbia au kujificha anapotishika. Kamba humnyima uwezo huo. Ndiyo maana baadhi ya watetezi wa wanyama hutahadharisha kwamba kwa paka mwoga, matembezi yanaweza kugeuka mateso.

Kamba haifungwi kwenye ukosi wa shingoni, kwani paka akiruka kwa ghafla anaweza kuumia koo. Hutumika mkanda maalumu unaozunguka shingo na kifua, uliobana kiasi cha kuruhusu kidole kimoja au viwili kupita. Ukilegea, paka aliyeshtuka hurudi kinyumenyume na kuchomoka.

Mafunzo huanzia sebuleni

Kwa siku kadhaa mkanda huwekwa karibu na chombo cha chakula, ili paka aunuse na kuuzoea. Kisha huvishwa kwa dakika chache tu, huku akipewa kipande cha kuku au samaki. Paka wengi hapo hujilaza ubavu au huganda mahali pamoja kana kwamba wamepooza. Hiyo si ishara ya maumivu, bali ni mshangao wa kuhisi kitu mwilini, na kwa kawaida hupungua kadiri siku zinavyopita.

Anapotembea na mkanda bila ya wasiwasi, kamba huunganishwa na kuachwa iburutike ndani ya nyumba, chini ya uangalizi. Baadaye mwenye paka huishika na kumfuata paka aendako. Kamba haivutwi, paka huitwa kwa chakula. Kazi hii huchukua wiki, na pengine miezi. Paka mchanga huzoea haraka zaidi, ingawa hata mtu mzima anaweza kujifunza.

Safari ya kwanza ya nje hufanyika mahali patulivu, pasipo na mbwa wala magari. Paka hubebwa hadi nje ndani ya kasha lake, wala haachwi kuvuka kizingiti kwa miguu yake, asije akazoea kuchopoka kila mlango unapofunguliwa. Kasha huachwa wazi karibu naye, liwe kimbilio lake.

Kabla ya hapo ni muhimu daktari wa mifugo ahakikishe kwamba paka amechanjwa na kukingwa dhidi ya viroboto na kupe. Chipu ya utambulisho humsaidia mwenye paka kumpata mnyama wake akipotea. Nchini England chipu hiyo ni lazima kisheria tangu tarehe 10 Juni mwaka 2024 kwa kila paka aliyetimiza wiki 20, hata yule asiyetoka nje, na anayekaidi anaweza kutozwa faini ya hadi pauni 500.

Masikio yakilala nyuma, tumbo likigusa ardhi na mkia ukikunjwa chini ya mwili, paka anasema kwamba amechoka na safari, na hapo hurudishwa nyumbani. Iwapo dalili hizo hujitokeza kila mara, ni heri aachwe ndani, apewe dirisha la kutazamia nje, mahali pa kupanda na muda wa kuchezeshwa kila siku.