Wakili wa Wasia Katika Ukambani

Mnunuzi wa ng'ombe katika soko la Kathonzweni hatoi fedha kabla hajamfungua mnyama kinywa akayatazama meno yake, wala hayakubali maneno ya dalali mpaka aulize ng'ombe huyo ametoka boma la nani; walakini mtu huyo huyo, akipatwa na haja ya kuandika wasia au kufungua mirathi ya marehemu baba yake, aghalabu humkabidhi hatimiliki ya shamba mtu aliyekutana naye mlangoni pa mahakama, kwa sababu tu amevaa suti nyeusi na ana ufasaha wa Kiingereza. Kwa nini hadhari ya sokoni isifuatane na mtu mpaka afisini mwa wakili?

Yafaa kwanza isemwe, ingawa baadhi ya mawakili hawatafurahi, kwamba Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyotungwa mwaka 1972 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, haimlazimishi mtu kuwa na wakili ili wasia wake usihi. Mtu mzima mwenye akili timamu aweza kuusia kwa kinywa mbele ya mashahidi wawili au zaidi, ila wasia huo hupoteza nguvu akiishi kupita miezi mitatu tangu alipousema, isipokuwa kwa askari aliye vitani. Na aweza kuuandika, akatia sahihi au alama yake, na mashahidi wawili wakashuhudia. Basi wakili ni wa nini? Ni kwa ajili ya mitego ambayo mwenye mali haioni. Mrithi akitiwa kuwa shahidi wa wasia ule ule unaompa fungu, fungu lake hubatilika pasipokuwapo mashahidi wengine wawili. Na mtu akioa baada ya kuandika wasia, ndoa hiyo huutangua, ila ikiwa wasia wenyewe uliandikwa kwa kuitazamia ndoa hiyo. Wala elimu ya sheria peke yake si kinga, kwani S. M. Otieno, aliyekuwa wakili mashuhuri Nairobi, alifariki Desemba 1986 bila kuacha wasia, na mjane wake na watu wa ukoo wake wakashitakiana juu ya mahali pa kumzika hadi Mei 1987.

Ithibati ya kwanza ya kutafuta ni nyepesi, na ni ajabu kwamba wachache huitafuta. Wakili halali ni yule ambaye jina lake limo katika daftari la mawakili na ambaye ana cheti cha kufanya kazi cha mwaka ule ule, kwa kuwa cheti hicho hutolewa upya kila mwaka. Na Chama cha Mawakili cha Kenya kimeiweka orodha yake katika mtandao, hata mtu aliyeko Kyuso au Mutomo aweza kuitazama kwa simu au kumwomba mjukuu amtazamie. Jina peke yake halitoshi. Oktoba 2023 nchi nzima ilishtushwa na habari za kijana aliyedaiwa kuingia katika orodha hiyo kwa mgongo wa wakili halisi mwenye jina linalofanana na lake. Kwa hiyo linganisha jina na afisi, na anwani, na uso wa mtu aliyeketi mbele yako. Kadhalika tazama chini ya kila karatasi ya mirathi unayopewa: sheria inamtaka aliyeitayarisha aandike hapo jina na anwani yake, na inamkataza asiye wakili kutayarisha karatasi za namna hiyo kwa ujira. Yule karani wa kibandani anayekupigia chapa hati za mirathi na kuacha mahali hapo patupu, hakusahau.

Lakini cheti huthibitisha kwamba mtu ni wakili. Hakithibitishi kwamba ni mwaminifu. Uaminifu, kwa maoni yangu, hudhihirika katika maswali anayokuuliza kabla hajagusa kalamu, na hasa maswali usiyopenda kuulizwa. Je, una nyumba ya pili, iwe Kibwezi au Mombasa? Kuna mtoto unayemlea na ambaye jina lake halitajwi kwenye karamu za jamaa? Mama yako alioa iweto? Swali hili la mwisho wakili aliyezoea mashauri ya mji pekee hawezi kulikumbuka, ilhali Ukambani ni kawaida ya kale kwamba mwanamke asiyejaliwa mtoto wa kiume aweza kumwoa mwanamke mwenziwe, aitwaye iweto, na watoto watakaozaliwa wakahesabiwa kuwa wa nyumba yake. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Mombasa ilimtambua mke wa ndoa kama hiyo, katika mila ya Wanandi, kuwa na haki ya kurithi. Kwa hiyo mwenye kudhani kwamba iweto na wanawe wanaweza kurukwa kimya kimya ajua kidogo.

Na mabinti je? Wako wazee wa Kitui na Makueni ambao hata leo huona kwamba binti fungu lake liko kwa mumewe. Mwaka 2005 Mahakama Kuu ya Machakos, ilipoletewa shauri la binti aliyekataliwa mali ya baba yake kwa hoja ya mila ya Kikamba, iliikataa hoja hiyo kwa kuwa ni ubaguzi. Mwenye mali ana hiari ya kugawa apendavyo katika wasia, lakini mke, mtoto au mtegemezi mwingine aliyeachwa bila riziki ya kutosha aweza kwenda mahakamani na mahakama ikamkatia fungu. Wakili anayekuahidi wasia usioweza kupingwa na kiumbe yeyote, muage kwa adabu utoke.

Kisha kuna ardhi yenyewe. Mashamba mengi, hasa upande wa Kitui, hayajatolewa hatimiliki, na mengine yamebaki kwa jina la babu aliyekwisha kufa, ambaye mirathi yake haijafunguliwa. Huwezi kumrithisha mwanao kilichomo bado katika jina la marehemu mwingine. Wakili mwema atakwenda, au atamtuma mtu, kufanya upekuzi katika afisi ya ardhi, na atakwambia kwa uwazi kwamba kazi ya kwanza ni ya babu. Atakukumbusha pia kwamba akiba ya Sacco humwendea yule uliyemwandikisha kwenye fomu zao, wasia useme usemavyo.

Kuhusu ujira, jihadhari na tamaa ya pande mbili. Mawakili wana kanuni za malipo, na anayedai pungufu mno huenda atakulipisha mbele ya safari. Anayetaka alipwe kwa ekari mbili za mirathi, au alipwe endapo tu shauri litashinda, anakuletea mapatano ambayo Sheria ya Mawakili haiyatambui. Fedha za mirathi hazipaswi kuchanganywa na fedha zake mwenyewe. Zina akaunti ya pekee. Dai risiti, na hesabu ikikutatiza waweza kuomba ikadiriwe na mahakama. Akikudhulumu, iko Tume ya Malalamiko Dhidi ya Mawakili, iliyoundwa mwaka 1989, nayo haitozi ada.

Jamaa wengi huanza kutafuta wakili marehemu akiwa ameshazikwa, na hapo haraka huwa adui. Ombi la mirathi hutangazwa katika Gazeti Rasmi kwa siku 30 ili mwenye pingamizi ajitokeze, na mgao huthibitishwa kwa kawaida baada ya miezi sita. Kuuza shamba kabla ya uthibitisho ni haramu hata kwa msimamizi aliyeteuliwa, na asiyeteuliwa akiigusa mali aweza kutozwa faini au kufungwa. Mirathi ya kadiri haina haja ya kupelekwa Mahakama Kuu: mahakimu wa Mwingi, Makindu, Tawa au Kilungu huisikiliza kwa mipaka ya thamani iliyowekwa mwaka 2015, ambayo kwa hakimu mkuu ni shilingi milioni 20. Mirathi ya Mwislamu hufuata sharia ya Kiislamu.

Limebaki swali ambalo wateja hawaliulizi kabisa. Wakili naye ni mwanadamu, huzeeka, huhama, hufa. Muulize, siku mtakapotia sahihi, asili ya wasia wako itahifadhiwa wapi, nani mwingine ajua ilipo, na afisi yake ikifungwa karatasi hizo zitakabidhiwa nani, kisha jibu lake uliandike na umpe yule uliyemteua kuutekeleza wasia.