Nakshi za Mawe na Jinsi ya Kuzisoma

Mwalimu akaaye Kunduchi, Msasani au Mbagala huenda siku moja akaletewa na mwanafunzi jiwe lililosuguliwa likang'aa, lenye nyota nyota au vyumba kama sega la nyuki. Mmoja husema ni kito. Wa pili husema limechorwa na watu wa kale. Wa tatu hunong'ona kwamba ni la uganga. Yafaa mwalimu asijibu kwa kubahatisha, kwa maana jina la uongo likitoka kinywani mwa mwalimu, kulirudisha ni kazi. Kuna maswali matatu ya kuuliza, nayo yaulizwe kwa taratibu yake.

La kwanza ni la nakshi. Jiwe lioshwe, kisha litazamwe likiwa limelowa maji. Nyota zikiwa nyingi zimesongamana, na kila moja ina mistari itokayo kandoni kuelekea katikati, hilo ni tumbawe. Kila nyota ni kikombe alimokaa mnyama mmoja mdogo, na mistari ni kuta alizozijenga ndani ya chumba chake. Vikombe vya tumbawe liitwalo Porites ni vidogo mno, yapata milimita 1. Vya jamii ya Favia hukaribia sentimita 1. Nalo Platygyra lina mabonde yapindayo kama ubongo. Akiki haina vyumba, ina mikanda tu ifuatanayo. Mti uliogeuka jiwe huonyesha pete ukikatwa kwa upana, na nyuzi ndefu ubavuni.

La pili ni la ugumu. Chokaa hukwaruzwa kwa kisu, na tone la siki huifanya itoe povu; akiki hukwaruza kioo. Majaribio haya yafanywe upande usiong'arishwa, kwa kuwa siki hula mng'ao. Lakini tumbawe lililozikwa siku nyingi laweza kupotewa na chokaa yake, maji ya ardhini yakaacha silika badala yake, nakshi isipotee. Basi nakshi yatuambia jiwe lilikuwa nini. Ugumu watuambia limegeuka kuwa nini.

La tatu ni la mahali, na hapa wengi hujikwaa. Mafundi wa kale wa pwani walitumia matumbawe ya namna mbili. Mawe ya kuta yalichimbwa nchi kavu, katika miamba iliyojengwa wakati bahari ilipokuwa juu kuliko leo, zaidi ya miaka 100,000 iliyopita. Mawe ya kuchongea mihrabu na miimo ya milango yalikuwa Porites, yaliyokatwa baharini yangali mabichi na laini, yakakauka yakawa magumu. Matundu yake madogo ndiyo yaliyomwezesha fundi kuchonga nakshi nyembamba. Vipande viwili vya aina hizo vikiwekwa juu ya meza, jicho laweza kuviona ni ndugu. Kumbe kimoja ni kisukuku, na kingine ni kazi ya mikono ya karne chache zilizopita. Tena mawe yaliyong'arishwa husafiri: lile la Petoskey, la Michigan huko Marekani, nalo ni tumbawe lenye vyumba kama sega, lakini umri wake wapita miaka milioni 350.

Kwa hiyo jiwe lisilojulikana lilikotoka limepoteza nusu ya ushahidi wake, wala kioo cha kukuzia hakiwezi kuurudisha. Makaburi ya nguzo ya Kunduchi, yaliyopambwa kwa vyombo vya Kichina katika karne ya 18, yamejengwa kwa mawe haya haya. Abanduaye kipande hapo ili akisugue huharibu kaburi, na pia hulinyamazisha jiwe. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huyalinda magofu ya namna hiyo. Lakini mlinzi wa karibu zaidi ni mwalimu. Na afundishe watoto kuandika mahali kabla ya kuandika jina, na jiwe lililomo ukutani walisome lilipo.