Aivi hukatwa shinani, haivutwi kutoka juu

MWENYE shamba la miti akikuta msonobari wake umefunikwa majani ya kijani tangu mzizini hadi matawini, hushawishika kuukamata mmea huo uliotambaa na kuuvuta kwa nguvu hadi uporomoke. Katika misitu ya jimbo la Oregon, magharibi mwa Marekani, hilo ndilo kosa la kwanza.

Mmea wenyewe ni aivi ya Kiingereza, uliopelekwa huko na walowezi wa Ulaya kuwa pambo la kuta na bustani. Si kimelea, kwani haunyonyi utomvu wa mti bali hushika gome tu kwa vijizizi vyake. Madhara yake ni kivuli na uzito. Majani yake hayapukutiki wakati wa baridi, hivyo dhoruba ikivuma mti husukumwa kama jahazi lililotweka tanga.

Kuuvuta hubandua gome la mti, na huweza kumwangushia mvutaji matawi makavu kichwani. Njia salama ni kukata kwa msumeno wa mkono na mkasi wa kupogolea mashina yote yanayouzunguka mti, mara mbili: karibu na ardhi na kwenye usawa wa kifua. Kipande cha katikati hubanduliwa taratibu. Shina moja likisahaulika, hata lenye unene wa kidole, litaendelea kuyalisha majani ya juu. Yaliyobaki juu huachwa yakauke yenyewe.

Kazi ya jasho hufuata chini, ambako mizizi hung'olewa katika duara la mita mbili hivi kuuzunguka mti, ikiwezekana baada ya mvua udongo ukiwa laini. Vipande vilivyoachwa udongoni huota tena, kwa hiyo ukaguzi wa kila mwaka haukwepeki.

Glavu ni lazima, maana utomvu wa aivi huwasha ngozi. Hatari zaidi ni mwaloni wa sumu, ambao si mwaloni hata kidogo: huota misitu hiyo hiyo, majani yake yamekaa matatu matatu, na moshi wake ukivutwa hudhuru mapafu. Takataka zenye mmea huo hazichomwi.

Katika msitu wa Forest Park mjini Portland, wenye zaidi ya hekta 2,000, watu wa kujitolea wamekuwa wakiing'oa aivi kwa mikono tangu miaka ya 1990. Mwaka 2010 Oregon ilipiga marufuku uuzaji wake, hatua ambayo haikugusa ile iliyokwisha kuota.

Aivi inayotambaa ardhini kwa kawaida haizai. Huchanua na kutoa matunda meusi ikishapanda na kupata mwanga, na ndege huyala na kuzipeleka mbegu hadi shamba la jirani. Ndiyo maana mwenye eneo kubwa na mikono michache huanza na mashina ya miti, na zulia la chini likasubiri msimu mwingine.