Riyadh hadi Jeddah kwa mfuko wa mwanafunzi

Wiki hii kwenye kipindi tuliongea kuhusu kwenda nyumbani, na wengi mmeniuliza swali moja: wewe mwanafunzi, hela za kusafiri unatoa wapi? Nikaahidi nitaandika. Haya, kaeni.

Mimi nimezaliwa Jeddah. Baba na Mama ni watu wa Tanga. Nasoma Riyadh, King Saud University, na kutoka bwenini mpaka mlangoni kwa Mama ni kama kilomita 950. Mtu aliyeko London akisikia hivyo anadhani nitapanda treni. Hakuna treni kati ya Riyadh na Jeddah. Ipo ya kwenda Dammam mashariki, ipo ya kaskazini kupitia Qassim na Hail, lakini magharibi kwetu ni ndege, basi au gari ya mtu.

Mwaka wa kwanza nilikaa miezi mitano bila kwenda nyumbani. Si kwamba sikutaka. Wazazi wetu hapa wanalipia kila mtu aliye chini yao. Ada hiyo ilianza Julai 2017, riyali 100 kwa mwezi kwa kila tegemezi, ikapanda mwaka hadi mwaka mpaka 400. Sasa fanya hesabu: Mama, wadogo zangu wawili, na mimi. Ni riyali 1,600 kila mwezi kabla hata mchele haujanunuliwa. Utampigia Baba simu umwambie nini? Nikawa nasema "niko bize na masomo". Mama akinipigia najibu kwa Kiarabu, au "poa, poa", halafu nakata.

Kisha Mama akanipa habari: Bibi anakuja umra kutoka Pangani. Wiki mbili tu. Bibi ana miaka 78, na mara ya mwisho kuniona nilikuwa darasa la sita.

Tiketi ya bei rahisi iliyonigharimu

Nilianza vibaya. Nikaona ndege ya shirika moja la bei nafuu, jina naliacha, nikakata tiketi mbio mbio. Sikusoma maandishi madogo. Nilipofika uwanjani, begi langu likapimwa: limezidi kilo mbili. Kulipia zile kilo mbili ilikuwa karibu nusu ya tiketi yenyewe, na pesa hiyo sikuwa nayo. Nikavaa koti mbili na jinsi juu ya jinsi, watu wakinitazama. Begi bado likazidi. Mwisho nikaacha viatu na vitabu viwili kwenye kiti, nikapanda. Hiyo ilikuwa safari ya majaribio, wiki tatu kabla Bibi hajafika, na baada yake sikuwa na nauli ya kurudia.

Somo: bei ya kwanza unayoiona ni ya mwili wako tu. Mashirika kama flynas na flyadeal yana tiketi rahisi kweli, hasa ukikata mapema na ukisafiri katikati ya wiki. Alhamisi jioni kila mtu anataka kuondoka, kwa sababu mapumziko yetu ni Ijumaa na Jumamosi. Karibu na Idi ndiyo usiseme.

Basi la usiku

Kwa hiyo safari ya Bibi nikaenda kwa basi. Tiketi ilikuwa chini ya riyali 200, na begi halikupimwa na mtu.

Kufika stendi siku hizi ni rahisi. Zamani teksi ya kutoka chuo mpaka Aziziyah, kusini mwa mji, ilikula pesa ya chakula cha siku mbili. Tangu metro ya Riyadh ianze Desemba 2024, unalipa riyali 4 na tiketi inafanya kazi saa mbili. Napanda laini nyekundu palepale chuoni, nabadilisha STC kuingia laini ya buluu, nashuka Transportation Center. Kama uko Riyadh na unatoka kila siku, angalia tiketi ya mwezi.

Basi liliondoka baada ya isha. Ni kama saa kumi na mbili njiani, kwa hiyo beba maji, beba mkate, beba shuka, maana kiyoyozi chao hakina huruma. Pembeni yangu alikaa mzee mmoja. Simu yake ikalia, akajibu: "Ndiyo mama, nishapanda." Moyo wangu ukaruka.

Nikamsalimia, "Shikamoo." Akageuka kama mtu aliyeitwa jina lake. "Marahaba! We mtoto wa wapi?" Alikuwa dereva wa lori, mtu wa Mombasa, miaka kumi na moja yuko Saudia. Akaniuliza naenda wapi. Nikasema, "Naenda nyumba."

"Nyumba ya nani?"

"Nyumba ya sisi."

Akacheka, lakini bila kunidharau. "Sema nyumbani. Nyumba ni matofali. Nyumbani ni watu."

Mpaka saa nane za usiku tulikuwa tunaongea. Nikikosea ananirekebisha, nikikwama ananingoja. Kabla ya Taif kuisha, basi likasimama Sayl al-Kabir, kwenye mikati, wanaokwenda umra wakashuka kuoga na kuvaa ihramu. Yule mzee akashuka nao. Aliporudi na shuka zake nyeupe akaniambia, "Kwa bibi yako usiseme poa poa. Mpe maneno kamili, hata yakiwa mabovu."

Jeddah bila hoteli

Sijawahi kulipa hoteli Jeddah, nyumbani kupo. Ila wenzangu wa chuo huja kwetu, na sheria ya Mama ni ile ya wahenga: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ukilala kwa ndugu au rafiki, osha vyombo, nunua mkate wa asubuhi. Ni rahisi kuliko hoteli yoyote na utaalikwa tena.

Matembezi mazuri ya Jeddah hayana kiingilio. Al-Balad, mji mkongwe, imo kwenye orodha ya UNESCO tangu 2014. Nenda baada ya alasiri jua likilegea, uangalie zile nyumba za mawe ya matumbawe na madirisha ya mbao. Nilimpeleka Bibi. Akasimama mbele ya mlango mmoja akaugusa: "Hii si Pangani hii?" Halafu jioni Corniche, na mkeka, na chai ya chupa kutoka nyumbani.

Makka tulikwenda kwa treni ya Haramain, kutoka kituo cha Sulaymaniyah. Kata mapema kwenye programu yao. Bibi alipokuwa msichana alipanda treni ya Tanga kwenda Moshi, usiku kucha. Hii haikufika saa moja. Akaniuliza, "Tumefika? Mbona sijalala?"

Alichoniambia

Usiku wa mwisho Bibi aliniita, "Mume wangu, njoo." (Kama hujui utani huo, muulize bibi yako.) Akasema, "Kwenye simu ulikuwa huniongeleshi. Nikadhani una hasira na mimi. Kumbe maneno yamekuishia."

Sikuwa na la kumjibu. Nilikuwa nimepiga hesabu ya nauli tu. Ile miezi mitano ya kubana pesa sikuihesabu kuwa ilikuwa na gharama yake.

Siku hizi kwenye posho yangu natoa riyali 60 kila mwezi, naweka kwenye bahasha, sizigusi. Kila miezi mitatu bahasha inalipa basi la kwenda, na la kurudi naongezea kwa kufundisha hesabu watoto wa jirani. Baba hajui kuhusu bahasha. Anadhani nauli Riyadh zimeshuka.

Bibi yuko Pangani. Nampigia kila Ijumaa, kwa maneno kamili. Juzi nilimwambia, "Bibi, nakuja nyumbani." Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Lini?"

Bahasha ya pili nimeianza.