Reli ya Bububu juu ya meza ya Fundo

Kisiwa cha Fundo hakina reli, na Pemba nzima haina. Anayetaka kwenda Wete hupanda mashua. Lakini mpwa wangu, kijana aliyekua akichonga vidau na kukunja mikebe mpaka ikawa magari, amepania kujenga reli ndogo ya mezani: injini inayokwenda kwa umeme, mabehewa, nyumba za ghorofa, na watu wasiozidi urefu wa kidole gumba. Ubao wake una urefu wa sentimita 120 na upana wa sentimita 60. Swali lake kwangu lilikuwa moja: “Mjomba, nijenge mji gani?”

Yeye mwenyewe alikuwa ameshaelekeza moyo Dar es Salaam. Namwelewa. Hakuna mji mwingine nchini wenye reli za namna tatu: ile ya Kati yenye upana wa milimita 1000, TAZARA yenye milimita 1067, na ya kisasa ya milimita 1435 iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024. Ila hebu tupige hesabu. Treni ya mizigo yenye mabehewa ishirini, kila moja mita 15, inafika mita 300. Ukiipunguza mara 76, kipimo nitakachokieleza baadaye, bado inabaki na karibu mita nne, na ubao hauna hata mita moja na nusu. Dar es Salaam ya mezani itakuwa injini moja na mabehewa mawili yanayozunguka mahali ambapo kila mtu anajua pangekuwa na treni ndefu. Jicho halidanganyiki kwa hilo.

Tanga nimeifikiria kwa muda mrefu zaidi, maana ni jirani wa Pemba ng'ambo ya mkondo, na reli yake ndiyo kongwe kuliko zote Tanzania Bara. Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1893, wakaifikisha Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Bandari, katani, milima ya Usambara kwa mbali: uzuri upo. Tatizo ni kwamba uhai wa Tanga uko kwenye uwanja wa kupangia mabehewa, njia zikijigawa na kuungana, na uwanja huo ni mpana. Akipata chumba kizima, nitamrudisha Tanga bila kusita.

Kwa ubao huu, mji ni Unguja, na reli ni ile ya Bububu.

Wengi wetu tumeisikia kwa mbali tu. Kampuni ya Kimarekani, Arnold Cheney, ilianza kuijenga mwaka 1904. Ilitoka karibu na Ngome Kongwe, ikapenya mitaa ya mjini, ikashika njia ya kaskazini hadi Bububu, mwendo wa maili saba. Ngome yenyewe ilitumika kuwekea vifaa vya ujenzi. Abiria walikuwa zaidi wenyeji, na palikuwa na behewa la daraja la kwanza kwa wageni walioshuka melini kutaka kuona kisiwa. Serikali iliinunua mwaka 1911, na kabla miaka ya 1930 haijashika kasi reli ilikuwa imekwisha. Kabla yake, katika miaka ya 1880, Sultani Barghash alikuwa na reli yake ya kwenda Chukwani. Mwanzo behewa lilikokotwa na nyumbu, baadaye injini ndogo kutoka Uingereza. Nayo haikudumu baada ya Sultani huyo.

Sababu ya kwanza ya kuichagua ni udogo wake. Treni yake ilikuwa fupi, na mabehewa mawili matatu nyuma ya injini ndogo hayatamfanya mtazamaji aulize yaliyobaki yako wapi. Upana wa reli ulikuwa futi tatu, yaani milimita 914. Mtu akiugawa kwa 76 anapata karibu kabisa milimita 12, na reli za mfano za milimita 12 hutengenezwa viwandani Ujerumani na kwingineko, zikikusudiwa treni kubwa kwa kipimo cha 1:120. Kwa kipimo cha 1:76, ambacho Waingereza wanakipenda, reli hiyohiyo inakuwa ya Bububu bila kubadilishwa hata msumari. Sijui mji mwingine wa pwani yetu unaokubaliana na duka la reli ndogo kwa usahihi kama huu.

Sababu ya pili ni mitaa. Picha za zamani zinaonyesha reli ikipita katikati ya kuta, hatua chache kutoka vibarazani mwa watu. Shida kubwa ya meza ndogo ni kwamba treni lazima igeuke, na kona kali ikionekana yote inaonekana kama mchezo wa mtoto. Mji wa Unguja unaificha. Treni inaingia kati ya nyumba mbili za ghorofa, inapotea, inazunguka nyuma yake kwenye kona ya nusu kipenyo ya sentimita 25, kisha inachomoza upande wa pili. Maili saba kwa kipimo hicho ni karibu mita 148. Tunachohitaji ni mita 90 tu za mtaa halisi, na ubao unazichukua zote.

Sababu ya tatu ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba kwa sababu boriti ina urefu wake, kiasi cha mita tatu na nusu hivi. Fundo ni kisiwa cha matumbawe. Jiwe litasagwa, chokaa itachanganywa na gundi, na ukuta utapakwa kwa kitu kilekile kilichopakwa kule. Boriti yenye unene wa sentimita 12 inakuwa milimita moja na nusu, ambayo ni chelewa ya ufagio. Ikatwe kwa sentimita nne na nusu na chumba kitakuwa na upana wake wa haki. Kijana wa London anayejenga mji wake hununua karatasi iliyochapwa picha ya matofali. Huyu wa Fundo anaokota mji wake ufukweni. Na jahazi la mita 15 litakuwa la sentimita 20. Hapo simfundishi kitu, atanifundisha yeye.

Lakini akichagua mji wa kweli, lazima achague na mwaka. Mimi ningeshika 1912 au karibu yake. Mwaka huo ukishashikwa, unaanza kukataa mambo. Bustani ya Forodhani haipo, kwa kuwa ilitengenezwa katikati ya miaka ya 1930. Beit al-Ajaib ipo na saa yake mbele, iliyowekwa baada ya mnara wa taa uliosimama kando yake kuharibiwa kwa mizinga ya Waingereza mwaka 1896. Jengo hilo ni kubwa mno kwa ubao, basi lichorwe kwenye kibao cha nyuma. Soko la Darajani lilikwisha kujengwa, la mwaka 1904. Na kati ya mji na Ng'ambo kuna maji, hori la bahari lililokuwa likijaa na kupwa, ambalo ufukiaji wake ulikamilika mwaka 1957. Ukingo wa kulia wa meza uwe hori hilo, na tope lake, na madau yaliyolala ubavu.

Haya si mapambo. Mtoto wa leo akipita Darajani kwa daladala hana namna ya kujua kwamba maji yalikuwa hapo, wala kwamba injini ya moshi ilipita karibu na milango ya babu zake. Kitabu kitamwambia. Meza itamwonyesha ukubwa wa vitu: mlango wa kuchonga kando ya behewa, mbebaji kando ya gurudumu. Mji wetu umepoteza mengi, na upande wa Beit al-Ajaib wenyewe uliporomoka Desemba 2020. Natamani sana kila kilichokuwepo kipate mtu wa kukipima kwa rula.

Yaliyobaki ni ya kazi. Umeme si tatizo: treni hizi hutumia volti 12 za mkondo mnyoofu, kiwango kilekile cha betri ya sola, mradi pawekwe kidhibiti cha mwendo na fyuzi. Hewa ya chumvi ndiyo adui. Reli za chuma zitapata kutu mapema, kwa hiyo anunue za aloi ya nikeli na shaba, azifute kwa kitambaa kabla ya kila safari, na ubao wote ufunikwe usiku. Kabla hajabandika nyumba hata moja aende Unguja, kwenye Nyaraka za Taifa pale Kilimani, atazame picha. Wapiga picha wa enzi hiyo, A. C. Gomes na ndugu wa Coutinho, waliacha kumbukumbu nyingi za mji. Ahesabu madirisha, apime urefu wa mlango dhidi ya mtu aliyesimama mbele yake, aandike. Nyumba ya kwanza iwe ile ya pembeni inayoficha kona, maana bila hiyo treni haina pa kupotelea.