Pepopunda na Botulizimu: Sumu Mbili za Jamii Moja ya Bakteria

Pepopunda na botulizimu husababishwa na bakteria wa jamii ya Klostridiamu, ambao huzaliana pasipo oksijeni na kutoa sumu inayoshambulia neva. Spora, yaani mbegu sugu, za bakteria wa pepopunda hudumu miaka mingi katika udongo na kinyesi cha mifugo. Kajiado, nchini Kenya, ni kaunti ya wafugaji, hivyo spora hizo zipo mabomani na hata katika mitaa ya mji wa Kitengela. Mwiba, msumari au wembe mchafu hutosha kuziingiza mwilini.

Kwa watoto wachanga mlango wa spora hizo ni kitovu. Desturi ya kupaka kitovu kinyesi cha ng'ombe iliua watoto wachanga wengi wa Kimaasai. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2001 ulilinganisha maeneo ya Wamaasai wa Kenya na Tanzania. Palipotolewa elimu ya afya iliyoheshimu mila zao, vifo vya pepopunda vilikuwa 0.75 kwa kila vizazi 1,000. Kwingineko vilifika 82.

Dalili za pepopunda huanza kwa kawaida siku 3 hadi 21 baada ya jeraha. Taya hukaza, mgongo hukakamaa, na kelele kidogo tu huweza kuamsha mikazo mikali ya misuli. Mtoto mchanga aliyekuwa akinyonya vizuri hushindwa kunyonya. Daktari huutambua ugonjwa kwa dalili, kwani hakuna kipimo cha maabara cha kutegemewa.

Botulizimu, kinyume chake, hulegeza. Kope hushuka, macho huona viwiliviwili, ulimi huwa mzito, kisha ulegevu hufikia misuli ya kupumua ilhali akili ya mgonjwa ni timamu. Ni ugonjwa wa nadra, lakini mwaka 1980 jarida la British Medical Journal lilieleza mkasa wa Wakenya waliougua baada ya kula kumbikumbi waliohifadhiwa katika mfuko wa plastiki.

Dawa ya kuzima sumu hukamata ile tu ambayo haijashika neva, hivyo kuchelewa hospitalini ni hatari. Mgonjwa wa pepopunda husafishwa jeraha, hupewa metronidazoli na diazepamu, na hulazwa mahali patulivu. Katika magonjwa yote mawili, huenda mashine ya kupumulia ikahitajika.

Kuugua pepopunda hakuleti kinga. Chanjo ndiyo kinga. Nchini Kenya mtoto huchanjwa akiwa na wiki 6, 10 na 14. Mjamzito naye achanjwe kliniki, na kitovu cha mtoto kisipakwe chochote ambacho mhudumu wa afya hakukitoa.