Kichina cha Mama Hakimcheleweshi Mtoto

Swali limenifikia tena, safari hii kutoka kwa baba Mmarekani aliyeoa mwanamke wa Chengdu. Mtoto wao ametimiza miaka miwili na maneno yake hayafiki kumi. Mwalimu wa kituo cha kulelea watoto amewaambia kwamba kinachomchanganya ni lugha mbili. Baba hakuniuliza kama mwalimu amesema kweli. Alichotaka kujua ni kama mama akiache Kichina mara moja au akipunguze kidogo kidogo.

Asikiache wala asikipunguze. Na mtoto apelekwe kupimwa masikio wiki hii hii.

Kazi yangu ni watoto wanaochelewa kusema, na ndoa za Mmarekani na Mchina ni sehemu kubwa ya familia ninazozihudumia. Wasomaji wa Kiswahili walioko Minneapolis au Toronto huniuliza jambo lile lile, wakibadilisha jina la lugha tu. Nimeshalijibu kwa upole mara nyingi mno. Leo nalijibu kwa urefu, kwa sababu ushauri huu unaendelea kutolewa na watu wenye nia njema, na kila unapofuatwa unaacha mambo mawili: mtoto ambaye tatizo lake halijatibiwa, na mama aliyenyamazishwa nyumbani kwake.

Imani hii ina historia, nayo si ya kujivunia. Mwaka 1923 D. J. Saer aliwapima watoto wa Wales, akaripoti kwamba wanaosema Kiwelshi na Kiingereza wako nyuma kiakili. Pengo alilolipata lilikuwa vijijini. Mijini watoto wa lugha mbili hawakuachwa nyuma, na hilo peke yake lingetosha kumwonyesha kwamba alikuwa anapima hali ya maisha. Mwaka 1926 Florence Goodenough, Mmarekani, aliandika kwamba matokeo yake yangeweza kuchukuliwa kuwa ushahidi kwamba kutumia lugha ya kigeni nyumbani ni miongoni mwa sababu kuu za watoto kupata alama za chini katika vipimo vya akili. Maelezo aliyoyaona kuwa na uwezekano zaidi yalikuwa mabaya kuliko hayo: kwamba jamii zenye akili ndogo hazijifunzi lugha mpya kwa urahisi. Mwaka 1939 Madorah Smith alitoa matokeo yake ya Hawaii, ambako aliwasikiliza watoto wadogo wa familia za Kichina, Kijapani na nyinginezo, akawaona wako nyuma sana. Alichokipima ni maendeleo yao katika Kiingereza. Mtoto aliyekuwa na hazina nzima ya Kikantoni kwa bibi yake aliandikwa kuwa mtupu.

Kosa hilo lilianza kusahihishwa mwaka 1962. Elizabeth Peal na Wallace Lambert waliwapima watoto wa miaka kumi wa Montreal, wenye Kifaransa na Kiingereza, na safari hiyo wakahakikisha wanawalinganisha na watoto wa hali moja ya maisha. Watoto wa lugha mbili hawakuwa nyuma. Katika vipimo vingi walikuwa mbele. Zaidi ya miaka sitini imepita tangu hapo, na bado mzazi anaondoka chekechea akiwa na ushauri wa miaka ya 1920.

Turudi kwenye hesabu, maana hapa ndipo wengi wanapopotea. Mtoto wa miaka miwili hawezi kuwa na kila neno katika lugha zote mbili, kwa kuwa hafanyi kila jambo na kila mtu. Kuoga, kula uji wa mchele, kuvaa viatu na kulazwa ni kazi za mama na bibi, kwa hiyo maneno hayo yapo kwa Kichina. Mpira, gari la zimamoto, mbwa wa jirani na michezo ya uwanjani ni ya baba na kituo, na maneno yake yapo kwa Kiingereza. Mwalimu asiyejua Kichina anahesabu upande mmoja. Mtoto mwenye maneno thelathini ya Kiingereza na arobaini ya Kichina ana maneno sabini, naye yuko sawa kabisa. Ukihesabu Kiingereza peke yake utamwita mgonjwa. Barbara Pearson na wenzake walilionyesha hili Miami mwaka 1993 kwa watoto wa Kihispania na Kiingereza: ukijumlisha lugha zote mbili, msamiati wao unalingana na wa watoto wa lugha moja.

Lakini mtoto wa barua hii hana maneno kumi hata ukijumlisha Kichina na Kiingereza pamoja. Basi huyu amechelewa kweli, na lugha mbili haziwezi kuwa maelezo, kwa sababu watoto wanaokua na lugha mbili hufikia neno la kwanza na sentensi ya kwanza ya maneno mawili ndani ya muda ule ule wa wenzao. Kuna kitu kingine. Huenda ni masikio, maana majimaji yanaweza kukaa nyuma ya ngoma ya sikio kwa miezi, bila homa na bila kilio, na mtoto akawa anasikia kwa mbali. Huenda ni usonji. Huenda ni tatizo la lugha lenyewe, ambalo lingemfuata hata angezaliwa katika nyumba ya Kiingereza kitupu. Kwa lolote kati ya hayo, kuondoa Kichina hakutibu chochote.

Hapo ndipo ninapoambiwa: sawa daktari, lakini mtoto mwenye tatizo si apunguziwe mzigo? Swali hilo limeshajibiwa. Watoto wenye ugonjwa wa Down waliokuwa wakikua na lugha mbili walilinganishwa nchini Canada na wenzao wa lugha moja mwaka 2005, na hawakuonekana kudhurika. Mwaka 2012, pia Canada, walichunguzwa watoto wenye usonji kutoka familia za Kichina na Kiingereza. Kiingereza chao hakikuwa chini ya cha wenzao wa lugha moja, na Kichina walikuwa nacho juu yake. Tafiti hizo zilikuwa za watoto wachache, nakubali. Anayemwamuru mama aache lugha yake hana hata hizo chache upande wake.

Na kuchanganya lugha? Mtoto anaanza sentensi kwa Kichina na kuimaliza kwa Kiingereza, baba anashtuka. Fred Genesee na wenzake waliwafuatilia watoto wa karibu miaka miwili huko Montreal, na mwaka 1995 wakaonyesha kwamba hata watoto hao, ambao bado wanachanganya, hutumia zaidi lugha ya mama wakiwa na mama na lugha ya baba wakiwa na baba. Wanajua wanazungumza na nani. Wanaazima neno wasilokuwa nalo upande huu. Mtu mzima wa Mombasa hufanya hivyo mchana kutwa kati ya Kiswahili na Kiingereza, na hakuna anayedhani akili yake imevurugika.

Sasa niseme kinachotokea nyumbani ushauri huu unapofuatwa, maana hili huwa halisemwi. Mama wa Chengdu anaweza kuwa mhandisi anayeandika ripoti za kazi kwa Kiingereza safi. Kiingereza hicho si cha kubembelezea. Hana ndani yake nyimbo za kulazia, vitisho vya mzaha wala majina ya utani ya mtoto. Akikatazwa Kichina hahamii Kiingereza kwa wingi ule ule. Anasema kidogo. Anauliza maswali mafupi, anatoa amri, kisha ananyamaza. Mtoto anayehitaji kusikia maneno mengi kuliko wenzake sasa anasikia machache kuliko jana, kutoka kwa mtu anayekaa naye muda mrefu zaidi. Ndiyo tiba waliyopewa.

Familia nyingi hujaribu kuziba pengo hilo kwa katuni za Kiingereza. Mwaka 2003, katika Chuo Kikuu cha Washington huko Seattle, Patricia Kuhl na wenzake waliwachukua watoto wachanga wa Kimarekani wa miezi tisa, wakawawekea vipindi kumi na viwili vya kucheza na kusomewa vitabu na watu wanaozungumza Kichina. Vipindi vilipokwisha, watoto hao waliweza kutofautisha sauti za Kichina karibu sawa na watoto wa Taiwan. Kundi jingine lilisikia watu wale wale na maneno yale yale kupitia televisheni. Halikujifunza kitu. Umri huo hujifunza lugha kwa mtu aliye mbele yake, anayemtazama, anayengoja jibu. Kwa Kichina mtu huyo yupo tayari nyumbani, halafu mnamtoa.

Lily Wong Fillmore wa Berkeley alilichunguza tatizo la lugha ya nyumbani kupotea kwa familia za wahamiaji zaidi ya elfu moja nchini Marekani, na mwaka 1991 akaeleza kinachofuata: mtoto akiwahi kupelekwa kwenye Kiingereza, huiacha lugha ya nyumbani, na mzazi hupoteza njia ya kumfunza, kumwonya na kumfariji. Katika ndoa ya Mmarekani na Mchina hasara hiyo haigawanywi sawa. Baba anabaki na mtoto anayetaniana naye, anayesimuliana naye ya shuleni. Mama anakuwa mgeni anayeomba kurudiwa sentensi mezani. Wanandoa hawa hufika kwa washauri wa ndoa wakiambiwa wanagombana kwa sababu ya utamaduni. Nimekaa na wengi wao, na ugomvi niliousikia ulianza siku mke alipoambiwa kwamba sauti yake inamdhuru mwanawe, mume naye akakubali.

Tena nyuma ya mke huyo mara nyingi wapo wazazi ambao hawana mtoto mwingine. China ilishika sera ya mtoto mmoja tangu mwaka 1980 hadi mwisho wa 2015. Mwanamke aliyezaliwa mjini miaka hiyo kwa kawaida hana ndugu, na mtoto wake huenda ndiye mjukuu pekee. Bibi anasafiri hadi Marekani kumlea mzazi katika mwezi wa kwanza baada ya kujifungua, anapika supu, anamkanda binti yake, anarudi kwao. Miaka mitatu baadaye anampigia mjukuu simu ya video, na mjukuu hamwelewi. Hakuna daktari mwenye haki ya kuagiza jambo hilo bila sababu, na sababu haipo.

Upande wa Kichina nao una kosa lake. Ipo kauli ya zamani kwamba watu watakaokuwa wakubwa huchelewa kusema, na bibi huitoa kwa upendo kila anapoulizwa. Mwalimu anasema acheni Kichina mngoje. Bibi anasema ngojeni tu. Miezi sita inapita, na masikio hayajapimwa.

Mara nyingine swali halimhusu mtoto hata kidogo. Baba anasikia mke, mama mkwe na mtoto wakicheka jikoni kwake na haelewi kilichowachekesha. Hayo ni maumivu ya kweli, wala simlaumu. Ila ayataje kama yake. Asiyavalishe koti la daktari.

Mfanye nini, basi? Masikio kwanza, kwa mtaalamu wa usikivu, hata kama kipimo cha siku ya kuzaliwa kilikuwa sawa. Marekani, mtoto wa chini ya miaka mitatu ana haki ya kutathminiwa bure na mpango wa jimbo wa watoto wadogo, na sheria ya shirikisho inataka tathmini izingatie lugha ya mtoto. Ombeni mtaalamu wa Kichina, akikosekana ombeni mkalimani, na msikubali bibi afanywe mkalimani. Andikeni kila neno analosema, la lugha yoyote, pamoja na ishara, mpeleke orodha hiyo. Mama aseme lugha anayoota nayo. Kila mzazi kushika lugha yake ni utaratibu mzuri, lakini msiugeuze sheria ya jela, wala msidhani unatosha: Annick De Houwer alipochunguza familia karibu 1,900 huko Ubelgiji, mtoto mmoja katika kila wanne hakuwa akiisema lugha isiyo ya mazingira yake. Kichina kinahitaji watu zaidi ya mama, yaani wenzake wa kucheza nao, shule ya Jumamosi akikua, likizo ndefu kwa bibi ikiwezekana. Simu ya video na bibi si sawa na katuni, kwa sababu bibi anajibu; hata madaktari wa watoto wa Marekani, wanaokataza skrini kabla ya miezi 18, wameiachia hiyo. Baba ajifunze Kichina pamoja na mtoto, kuanzia maneno ya kuoga na kula. Mwalimu apewe ripoti ya mtaalamu kwa maandishi, ili mjadala naye uishe.

Kuhusu muda: asiyetoa sauti za ba-ba na da-da wala kunyoosha kidole akiwa na mwaka mmoja, asiye na neno lolote akiwa na miezi 16, asiyeunganisha maneno mawili ya kwake mwenyewe akiwa na miaka miwili, apelekwe, hata nyumba ikiwa na lugha nne. Aliyekuwa na maneno kisha akayapoteza, kwa umri wowote, apelekwe kesho asubuhi.